Mara ya Kwanza Kucheza Mas: Mwongozo wa Karnivali ya Karibiani kwa Anayeuonea Haya Mwili Wake

Kila mwaka ikifika Januari, na tena ikifika Juni, simu yangu hujaa maswali yaleyale. "Dada, na tumbo hili nitavaaje vile?" "Lazima nipungue kwanza?" "Mapaja yangu yana michirizi, nifanyeje?" "Nina miaka arobaini na saba, si nitachekwa?" Wanaouliza ni Waswahili wenzangu walioko London, Toronto na Rotterdam, na wengine wako Dar na Mombasa wanapanga safari. Nimewajibu mmojammoja kwa miaka. Sasa nayaweka yote mahali pamoja.

Jibu la maswali yote manne nalitanguliza. Mwili hauandaliwi. Kinachoandaliwa ni vazi, miguu, na watu utakaokuwa nao. Nimecheza Notting Hill, London, mara sita na Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad, mara mbili, mwili wangu ukiwa na ukubwa tofauti karibu kila mara, na furaha niliyoipata haikufuata kilo hata siku moja. Ilifuata kama sidiria imekaa sawa, kama raba zimezoea mguu, na kama nina mtu wa kunishika mkono.

Machache ya kujua

Mas ni mchezo wa kujipamba na kujigeuza. "Bendi" hapa si wapiga muziki. Ni kundi la wachezaji, pengine hamsini, pengine elfu kadhaa, wanaotembea na kucheza nyuma ya lori lenye spika. Bendi hugawanyika katika seksheni, na kila seksheni ina rangi na vazi lake. Muziki mwingi ni soca, mdundo uliochipuka kutoka kalipso huko Trinidad miaka ya 1970.

Walowezi wa Kifaransa waliohamia Trinidad mwishoni mwa karne ya 18 walikuwa na dansi zao za vinyago kabla ya Kwaresma. Utumwa ulipofutwa 1834, na watu wakaachiwa kabisa 1838, waliokuwa watumwa waliichukua karnivali wakaipeleka barabarani. Mwili ulioandikwa kwenye daftari la bwana kama mali ukapita katikati ya mji ukiwa umepambwa na mwenyewe. Sisi tunalijua jambo hili kwa upande wetu: Unguja, utumwa ulipopigwa marufuku 1897, wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakajifunga kanga. Kwa hiyo mtu akikuambia mavazi ni mambo ya upuuzi, mwache apite.

Na kama una makalio makubwa na kifua kizito, ujue kwamba mmoja wa wahusika wa zamani kabisa wa karnivali ya Trinidad ni Dame Lorraine, bibi aliyejazwa mito mbele na nyuma, anayepita akiwaigiza kwa kejeli wake wa mabwana shamba. Mwili mnene una kiti chake pale tangu zamani, na haukukaribishwa juzi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Futi ya fundi cherehani, na mtu wa kukupima.
- Raba zilizokwisha kuvaliwa, au buti fupi zisizo na kisigino kirefu.
- Soksi ndefu za wacheza dansi, zile nzito zinazofika kiunoni, za rangi ya ngozi yako. Nunua jozi mbili.
- Kaptura fupi ya kubana ya kuvaa kabla vazi halijafika, kwa mazoezi.
- Mafuta mazito ya mgando ya kupaka mapajani na kwapani.
- Losheni ya kukinga jua. Weusi wetu hauzuii kuungua.
- Kibegi cha kiunoni: simu, kitambulisho, kadi, pesa kidogo, plasta, pakiti mbili za ORS (chumvi na sukari ya kuyeyusha kwenye maji).
- Sindano, uzi, pini sita za kubania, na gundi kali ya kukauka haraka.
- Mwenzako mmoja ambaye hatakuacha.

Pesa: vazi kamili la manyoya Trinidad ni mamia ya dola za Marekani, na yale ya mbele kabisa huvuka 1,000. Fulana na vikorombwezo vyake ni bei nafuu zaidi. Panga mapema, usikope.

Hatua ya 1: Chagua karnivali

Trinidad ndiyo mama. Huchezwa Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, na kwa kuwa Pasaka inahama, nayo inahama. Hesabu siku 46 kurudi nyuma kutoka Jumapili ya Pasaka, utaipata Jumatano hiyo. Notting Hill, London, ni Jumatatu ya mwisho ya Agosti na Jumapili inayoitangulia, Jumapili ikiwa siku ya watoto na familia. Toronto wanacheza mwanzoni mwa Agosti tangu 1967. Barbados wana Crop Over, na kilele chake ni Jumatatu ya kwanza ya Agosti.

Ushauri wangu kwa mgeni: anza na iliyo karibu na kitanda chako. Ukichoka unarudi kwako, unaoga kwako. Trinidad itakusubiri.

Wanaochagua London wamkumbuke Claudia Jones, mzaliwa wa Port of Spain. Baada ya watu weusi kushambuliwa mitaani Notting Hill mwaka 1958, yeye na wenzake waliandaa karnivali ya kwanza ya Wakaribiani London, ndani ya ukumbi wa St Pancras, tarehe 30 Januari 1959. Ilikuwa baridi ya Januari, na watu walikuwa na uchungu, ila walijipamba na kucheza. Ile ya barabarani ilianza 1966.

Hatua ya 2: Chagua mlango wa kuingilia

Karnivali ina milango zaidi ya mmoja, na wengi wanaoniandikia wanaujua wa bikini na manyoya tu.

Mlango wa kwanza ni J'ouvert, hutamkwa "juuvei", kutoka Kifaransa cha visiwani, maana yake ni kama kusema kumekucha. Trinidad huanza kama saa 10 alfajiri ya Jumatatu, kungali giza. Watu huvaa nguo kuukuu na kupakana tope, rangi, mafuta, hata kakao. Mtu anayeuonea haya mwili wake namshauri aanzie hapa bila kufikiria mara mbili. Ukishapakwa tope kuanzia utosini, hakuna michirizi, hakuna kitambi, hakuna umri. Jua likichomoza unajikuta umecheza saa tatu na hujauwaza mwili wako hata mara moja. Mimi niliielewa karnivali alfajiri ile, huku nimeshikana mikono na mama mmoja wa miaka sabini hivi aliyepakwa buluu mpaka kope.

Mlango wa pili ni seksheni ya fulana: fulana ya bendi, kaptura au suruali yako, kofia au taji dogo. Uko ndani ya kamba ileile na wenye manyoya, ile inayoshikwa na walinzi kuizunguka bendi, muziki uleule.

Mlango wa tatu ni vazi kamili.

Wenye kujistiri wasione wamefungiwa nje. Nawajua wanaovaa hijabu, suruali ndefu na fulana ya bendi, kazi yao kusukuma magurudumu yanayobeba pani, zile ngoma za mapipa ya chuma zilizozaliwa Trinidad. Bendi za pani zinahitaji wasukumaji kila mwaka, na anayesukuma hucheza kama wengine.

Hatua ya 3: Chagua bendi kwa macho makavu

Bendi huonyesha mavazi yao miezi mingi kabla. Za Trinidad kwa kawaida katikati ya mwaka unaotangulia. Picha utakazoona ni za wanamitindo wembamba waliosimama wima. Usichague kwa picha hizo. Tafuta picha za siku yenyewe, za wachezaji wa kawaida wa bendi hiyo mwaka uliopita, na uangalie watu wenye mwili kama wako wamevaa nini na wamekaaje ndani yake. Kama huoni hata mmoja mwenye mwili kama wako, hiyo ni habari tosha. Nenda bendi nyingine.

Kisha uliza kwa maandishi, kabla hujalipa:

- Saizi kubwa kabisa ya sidiria na ya chini ni ipi?
- Naweza kuchagua sidiria yenye waya na kamba pana?
- Kuna vazi la kipande kimoja? Kuna chupi ya kiuno kirefu badala ya ile ya kamba nyembamba?
- Saizi kubwa inaongezwa bei? Bendi nzuri haitozi zaidi kwa sababu ya mwili wako.

Utasikia maneno "frontlaini" na "baklaini". Frontlaini ni vazi lenye mbawa kubwa mgongoni na nguo ndogo zaidi. Baklaini lina manyoya machache na bei nafuu. Mgeni achukue baklaini. Mbawa zile hukaa mabegani kutwa nzima chini ya jua, na mwisho wa siku hufikirii kitu kingine isipokuwa mabega.

Hatua ya 4: Pima mwili ulio nao leo

Kosa kubwa kuliko yote linafanyika hapa, na linafanywa na watu wenye akili zao. Mtu anapima, anaona namba, anajiambia "mpaka Agosti nitakuwa nimepungua", anaagiza saizi ya chini. Agosti inafika na mwili wake ni uleule, kwa sababu alikuwa na kazi na watoto na maisha, na vazi halifungi. Anakaa nyumbani akilia na pesa imekwenda. Nimeyaona mara nyingi mno. Vazi kubwa linapunguzwa na sindano kwa dakika kumi. Vazi dogo halipanuki.

Pima asubuhi, ukiwa umesimama, mwenzako akishika futi:

1. Kifua, pale palipojaa zaidi.
2. Chini ya kifua, futi ikiwa imebana kidogo.
3. Kiuno.
4. Nyonga, pale makalio yalipojaa.
5. Kama vazi ni la kipande kimoja, mzunguko wa kiwiliwili: futi ianzie begani, ishuke mbele, ipite kati ya miguu, ipande mgongoni irudi begani. Kipimo hiki ndicho watu husahau, na ndicho kinachofanya vazi likukate katikati.

Andika namba kwenye karatasi. Usivute tumbo ndani unapopimwa. Hizo ni namba za kumsaidia fundi, kama vile urefu wa mlango.

Hatua ya 5: Zoeza macho na ngozi, kwa wiki nane

Hapa sikupi zoezi la kupunguza kitu. Nakupa mazoezi ya kuonwa. Kuona haya mara nyingi ni ugeni tu: hujazoea hewa ipite tumboni kwako mbele ya watu. Ugeni huisha kwa kuzoea.

Wiki ya 1 na ya 2: kila jioni, dakika kumi na tano, vaa kaptura ya kubana na sidiria, cheza soca chumbani. Usisimame mbele ya kioo. Wengi hufikiri kioo ndiyo dawa, lakini kioo hukurudisha kwenye kukagua. Unataka kwanza kuusikia mwili kabla ya kuutazama.

Na wewe tayari unajua kucheza huku. Kile wanachokiita "wine" Trinidad, sisi ni kukata mauno. Aliyekulia Pwani kwenye chakacha, kwenye vugo, au aliyechezwa unyago, hana la kufundishwa na mtu yeyote. Magoti yalegee, kifua kitulie, nyonga zizunguke polepole. Kama una shanga zako za kiunoni, zivae. Mlio wake unakuambia kama unazunguka sawa au unarusharusha tu. Kiuno hakina mfupa, na kiuno kinene kinaonekana zaidi kikizungushwa. Nasema kwa kumaanisha: katika barabara ile, nyama inayotikisika ndiyo inayoshangiliwa.

Wiki ya 3 na ya 4: mwite mwenzako mmoja, chezeni pamoja mmevaa hivyo hivyo. Dakika tano za kwanza ni nzito. Ya sita huwa mnacheka.

Wiki ya 5 na ya 6: toka. Bwawa la kuogelea, ufuko, darasa la dansi, bustani siku ya jua. Tumbo nje au mapaja nje, chagua kimoja. Utaona jambo ambalo maneno yangu hayawezi kukufanya uliamini: watu hawakutazami. Kila mmoja yuko kwenye tumbo lake.

Wiki ya 7 na ya 8: kioo sasa, ukiwa umevaa, muziki ukiwa juu, ukiwa unacheza. Usijitazame ukiwa umesimama. Vazi hili halijashonwa kwa ajili ya kusimama.

Wakati huohuo tembea. Mara tatu kwa wiki, na kila wiki ongeza muda mpaka ufikie saa tatu ukiwa na raba zilezile za siku yenyewe. Karnivali ni mwendo wa kutwa, na mguu uliochubuka huua furaha haraka kuliko jicho la mtu yeyote.

Onyo: usifunge kula wiki ya mwisho ili "tumbo liingie". Wanaozimia barabarani aghalabu ni hao, na hawa wanaokunywa ramu bila kula.

Hatua ya 6: Likague vazi siku ileile unapolipokea

Usilibebe likiwa kwenye mfuko ukalifungua usiku wa kuamkia karnivali. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo, nikakuta sidiria imekosewa saizi mbili chini, na ofisi imefungwa. Nilicheza na sidiria yangu ya kawaida niliyoipamba kwa shanga za vazi hadi saa 8 usiku. Ilipendeza, lakini usiku ule sikuutaka.

Livae lote palepale mnapopokea. Inama, ruka, inua mikono, kaa chini. Kikitoka chochote, kirudishwe kabla hujaondoka. Ukifika nyumbani, pitia kila jiwe na kila manyoya kwa kidole. Linalocheza lipigwe gundi. Kamba za sidiria zishonee mara ya pili kwa mkono, kila kiungo. Kama waya unachoma, ufunge plasta ya kitambaa. Taji likibana, lipanue leo, usingoje uumwe kichwa kesho.

Wasafiri wa Trinidad: usipakie nguo yoyote ya madoadoa ya kijeshi, hata kofia, hata ya mtoto. Ni kosa la jinai kule raia kuzivaa, na visiwa kadhaa jirani vina sheria kama hiyo.

Hatua ya 7: Asubuhi yenyewe

Kula. Uji mzito, mayai, ndizi, chochote kinachokaa. Ukiwa Port of Spain, tafuta muuza doubles kando ya barabara: mikate miwili laini ya kukaanga iliyojazwa dengu zenye bizari na pilipili. Kwa mtu wa Pwani ni kama kukutana na ndugu.

Kisha kwa mpangilio huu: losheni ya jua, isubiri dakika kumi na tano; mafuta ya mgando mapajani, kwapani na chini ya sidiria; halafu soksi ndefu. Soksi hizi ndizo siri ya wazoefu. Zinashika nyama vizuri, zinazuia mapaja kusuguana, na kwa mbali hazionekani kabisa zikiwa na rangi yako. Madukani mara nyingi hujaa za rangi ya Wazungu, ndiyo maana nimesema tafuta mapema. Nyingi za rangi zetu hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya dansi. Juu ya hizo wengine huvaa za wavu.

Pambo la kung'aa la usoni lijaribu mkononi siku mbili kabla. Nimeona uso mzuri ukivimba kwa sababu ya gundi.

Siku ya Jumatatu Trinidad wengi huvaa vazi jepesi la kujitungia, na vazi kamili hungoja Jumanne. Jumatatu hiyo ni nafasi nzuri ya kuona kama mwili umetulia.

Hatua ya 8: Barabarani

Nusu saa ya kwanza ni mbaya. Nakuambia mapema ili usidhani ni wewe peke yako. Utashika tumbo, utavuta chupi, utatafuta taulo la kujifunga. Usirudi hotelini. Nenda katikati ya seksheni, mbali na kamba na mbali na wapiga picha, msimame karibu na mwenzako, mikono juu. Huwezi kuvuta chupi mikono ikiwa juu.

Kisha tazama kulia na kushoto. Utaona kovu la upasuaji wa uzazi. Utaona mama wa ziwa moja aliyepamba upande wa pili kwa mawe ya kijani. Utaona bibi mwenye fimbo, na fimbo ina manyoya. Utaona tumbo kama lako, na mwenyewe anacheza. Siku hizi wanawake ndio wengi kwenye bendi kubwa, na walipigania nafasi hiyo: mwimbaji Calypso Rose, aliyezaliwa 1940, ndiye mwanamke wa kwanza kushinda taji la wimbo wa barabarani Trinidad, na hiyo ilikuwa 1977 tu.

Mambo ya kushika:

- Maji kila baada ya kinywaji kikali. ORS moja saa 6 mchana, hata kama hujisikii kiu. Kando ya Queen's Park Savannah, uwanja mkubwa wa wazi wa Port of Spain, wanauza madafu, kunywa.
- Kukata mauno na mtu ni kwa ridhaa. Anayetaka husogea kwa tabasamu na kungoja. Hutaki, inua kiganja, geuka, songa kwa mwenzako. Polisi wa Trinidad wamelisema hadharani: kumsugulia mtu asiyetaka ni shambulio. Akiendelea, mwite mlinzi anayeshika kamba. Kazi yake ndiyo hiyo.
- Kuonekana mwili si ruhusa ya kuguswa mwili. Wanaume wetu, hili ni lenu pia mnapokuwa nje ya kamba mkitazama.
- Simu iwe ndani ya kibegi. Piga picha mwanzoni, kisha iache.

Wanaume wacheza mas huniuliza kwa siri, wakiona aibu kuuliza: kitambi, kifua kisicho na misuli, miguu myembamba. Jibu ni lilelile. Vazi lenu ni kaptura, taji na vikuku vya manyoya; fuateni hatua zote hizi, hata za mafuta ya mapaja. Hasa za mafuta ya mapaja.

Mambo yakienda kombo

*Kamba ya sidiria imekatika.* Pini ya kubania, palepale. Ndiyo maana umebeba sita.

*Mapaja yanawaka moto.* Mafuta zaidi, mara moja, usingoje damu. Kama hukuvaa soksi, funga kitambaa laini kuzunguka paja.

*Hedhi imekuja siku yenyewe.* Hutokea kila mwaka kwa maelfu ya watu. Kaptura nyeusi ya kubana chini ya vazi, pedi za akiba kwa mwenzako, na bendi nyingi kubwa zina gari la choo nyuma. Uliza liko wapi kabla hamjaondoka.

*Nimevaa, nimejiona, nimeanza kulia.* Vua taji tu, baki na vazi. Kunywa maji. Mwambie mwenzako akufunge fulana au kanga juu, mtoke hivyo hivyo. Wengi huivua wenyewe kabla ya saa moja kupita. Na usipoivua, umecheza na kanga, na kanga barabarani Port of Spain inapendeza mno.

*Mvua.* Endelea. Manyoya hurudi yakikauka.

*Nimepotezana na bendi.* Ndiyo maana jina la bendi na namba ya mwenzako viandikwe kwenye karatasi ndani ya kibegi. Simu huzimika na mtandao huelemewa. Kubalianeni mahali pa kukutana: kona, kanisa, mti mkubwa. Notting Hill kumbuka muziki hukatwa saa 1 jioni na umati wote hutoka kwa pamoja.

*Nimeona picha na nimejichukia.* Usizitazame usiku uleule. Umechoka, umekauka maji, na wapiga picha hupiga kutoka chini mtu akiwa hewani. Mwachie mwenzako achague tatu akutumie baada ya wiki. Atachagua zile ulizokuwa unacheka, na utaliona hilo kabla hujaliona tumbo.

*Picha zimefika nyumbani na shangazi amepiga simu.* Amua kabla ya safari nani ataona nini, uzibe mitandao yako ipasavyo. Habari ikifika hata hivyo, usikane na usigombane. Mwambie ulikuwa kwenye ngoma, ulicheza na watu wa rika lake, na umerudi salama. Mama yangu alinyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akauliza manyoya yale yalikuwa na uzito gani, na kama yanafuliwa.

Hayafuliwi. Yaning'inize pasipo na jua, yapige upepo siku mbili, kisha yaviringe kwenye kanga kuukuu. Gundi iliyobaki kwenye ngozi huachia kwa mafuta ya nazi. Paka, subiri dakika tano, futa kwa kitambaa cha moto. Pambo la kung'aa litakaa kwenye mashuka wiki mbili zaidi.